Shorewanda na Salfa

Ukitaka kujua shorewanda ni wa pande zipi, usihangaike na uso. Mtazame chini ya mkia. Wa Moroko na Misri ni mweupe hapo. Wa kwetu kusini ni njano ya kukoza. Wa Somalia naye ana njano, ila kaongeza baka jeupe pembeni mwa shingo. Mfaransa Desfontaines alimpa ndege huyu jina la kisayansi mwaka 1789, na hadi leo wataalamu wanabishana kama hawa wote ni aina moja au kadhaa.

Wabishane tu. Wao hawajawahi kusimama kijijini kwetu Chiungutwa na darubini, shingo imepinda, wakichungulia makalio ya ndege juu ya mpapai ambao nyuma yake kuna bafu la nyasi la jirani.

"Nani huyo?" sauti ikauliza kutoka bafuni.

"Natazama ndege, shemeji."

Kimya. Kisha kata ikagonga ndoo kwa nguvu ambayo maji hayakuihitaji.

Taabu nyingine ni msimu wenyewe. Mikorosho ikianza kutoa maua hupulizwa salfa kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga, na vumbi lile halichagui. Kuku njano, kola njano, hata mbwa ukimpiga kofi la mapenzi anatoa wingu.

"Hiyo ni salfa, mjukuu wangu," bibi alisema nilipomwonyesha njano ya ndege, macho yakiwa kwenye ungo wa mbaazi. "Subiri mvua, utamwona alivyo."

Nikamweleza kwamba salfa humtapakaa kiumbe mwili mzima, ilhali njano ya shorewanda ina mpaka wake: tumbo jeupe linaishia, yenyewe inaanzia, kama kiraka kilichoshonwa na fundi makini. Kichwa cheusi chenye kishungi hakina hata chembe. Bibi akapepeta.

Basi nikatega beseni la maji uani. Jua lilipokuwa kali akaja, akatua ukingoni, akageuza kichwa huku na huku, kisha akajitosa. Akapiga mbawa, maji yakaruka hadi kwenye mbaazi. Akapanda mpapai, manyoya yamegandamana, akainua mkia kujikung'uta. Njano tupu, imekoza kuliko mwanzo!

"Bibi, umeona? Kaoga, na bado njano!"

Bibi akafuta matone usoni, akamtazama ndege, akanitazama mimi.

"Kaoga na sabuni?"