Medali ya Nani?

Wapo wanaodai kupanda farasi si mchezo wa Olimpiki kwa sababu kazi yote hufanywa na mnyama. Wanamwonea bure mpandaji. Yeye naye ana kazi zake: kunyoosha mgongo, kuvaa koti la kitajiri, na kupokea medali. Farasi huvishwa utepe.

Na heshima wenye mchezo huu wanaijua, tena ya vyeo. Katika Olimpiki ya mwaka 1948 Sweden ilishinda dhahabu ya timu katika kumchezesha farasi kwa madaha. Mwaka uliofuata ikanyang'anywa: mmoja wa wapandaji wake, Gehnäll Persson, alikuwa sajini aliyevikwa uofisa wa muda ili ashiriki, na kwa wanajeshi mchezo ulikuwa wa maofisa tu. Farasi wake hakuulizwa cheo.

Mwaka 1956 Olimpiki ilikwenda Melbourne, lakini sheria za karantini za Australia zikawakataa farasi wa kigeni. Mabwana wakubwa wale wakafanyiwa michezo yao Stockholm. Mkimbiaji akikosa viza, hubaki nyumbani.

Kisha Tokyo, 2021. Katika pentatloni, shindano la michezo mitano ambako farasi walipatikana kwa kura, farasi Saint Boy alikataa kuruka. Mpandaji wake, Annika Schleu wa Ujerumani, aliyekuwa akiongoza, akalia machozi. Kocha wa Schleu akampiga farasi ngumi, akafukuzwa mashindanoni. Wakubwa wa pentatloni wakatafakari, wakamwona mkosaji: farasi. Kuanzia Los Angeles 2028 hayumo tena. Wanapentatloni wataruka vikwazo kwa miguu yao wenyewe.