Adili na Manyani Wake Barazani: Masaibu ya Mchoraji wa Ridhaa Bagamoyo

Mchoraji wa ridhaa, yaani mtu achoraye kwa mapenzi yake bila kuisomea kazi hiyo wala kuitegemea kwa ugali wa jioni, hupatikana katika kila mji wa pwani ya Tanzania, lakini Bagamoyo humzaa kwa urahisi zaidi, kwa kuwa mji huu una taasisi ya sanaa iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981 na ambayo leo hujulikana kwa kifupi kama TaSUBa, na watu wanaosikia mazoezi ya ngoma kila siku wakiwa wanaanika nguo hawawezi kukaa miaka yote hiyo bila kuambukizwa. Karani hununua brashi, fundi cherehani naye akafuata. Hadi hapo hakuna aliyedhurika. Dhara huanza pale picha inapotolewa chumbani na kuegemezwa ukutani barazani ili majirani waione, na huwa kubwa zaidi ikiwa picha hiyo haikuchorwa kwa kutazama jahazi au mnazi, bali imetokana na hadithi ya ajabu inayopendwa, ambayo nusu ya wapita njia waliisoma shuleni na nusu nyingine walisimuliwa na hao waliosoma.

Hadithi inayoonyesha balaa hilo vizuri kuliko zote ni Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1952. Kwa asiyeikumbuka, Adili ni liwali mwema aliyesalitiwa na ndugu zake wawili, Hasidi na Mwivu, ambao jini Huria aliwageuza kuwa manyani na kumwamuru Adili awachape kila usiku, naye akawa anawachapa huku roho ikimuuma, mpaka habari ikamfikia Mfalme Rai na hatimaye ndugu hao wakasamehewa. Kisa hiki kina jamaa yake katika Alfu Lela Ulela, ambako ndugu wa Abdallah bin Fadhil hugeuzwa mbwa. Shaaban Robert alichagua nyani, na kwa uamuzi huo, pasipo kukusudia, akawaachia wachoraji wa pwani urithi mgumu.

Ugumu wa kwanza ni kwamba mwandishi huyu alijali zaidi tabia za watu kuliko sura zao. Msomaji hufahamishwa kwa kirefu kwamba Adili ni mwema, ila fundi anayetaka kujua urefu wa pua yake au mshono wa kanzu yake itambidi ajitegemee, jambo linaloshangaza kidogo kwa mwandishi aliyewahi kuwa karani wa forodha huko Pangani, kazi ambayo humfundisha mtu kuorodhesha kila kitu kinachoshuka chomboni. Kwa sababu hiyo kila msomaji amejitengenezea Adili wake kichwani, na mchoraji anapoleta wa kwake hukutana na mahakama ambayo kila hakimu tayari ana hukumu mfukoni. Mmoja atamwona Adili amenenepa mno kwa mtu mwenye majonzi, mwingine atauliza kwa nini liwali hana kilemba, na wa tatu, ambaye hakupita hata darasa la nne, atasisitiza kwamba Adili alikuwa na ndevu, na kwamba yeye anamjua.

Ugumu wa pili ni wa vifaa. Wachoraji wengi wasio na mtaji hufuata njia ya Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, ambaye mwaka 1968 alianza kuchora jijini Dar es Salaam kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya vipande vya mbao nyembamba ngumu za kupigilia dari, naye akafariki mwaka 1972 akiwa ameacha mtindo unaoitwa kwa jina lake mpaka leo. Rangi hiyo ya mafuta hung'aa vizuri na bei yake inavumilika, lakini huchelewa kukauka, na hapo ndipo Bahari ya Hindi inapojitia katika mambo yasiyoihusu. Kusi, upepo utokao kusini katikati ya mwaka, hubeba mchanga laini na wadudu, na picha iliyolazwa barazani ikiwa mbichi hupokea vyote viwili. Huonekana kisubi amenasa katikati ya paji la uso wa Mfalme Rai. Ukimng'oa kwa kibanzi, utaondoka naye pamoja na nyusi ya mfalme. Ukimwacha, wageni watasifu ustadi wa mchoraji wa kutia chunjua. Wachoraji wenye busara humwacha.

Hata hivyo, mchanga na kisubi ni mambo madogo yakilinganishwa na mandhari yenyewe ya manyani wawili wamefungwa na mtu mwenye mjeledi amesimama juu yao huku akilia. Katika vijiji vinavyozunguka Bagamoyo nyani si kiumbe wa hadithi: ni mwizi wa mahindi, ajaye kwa kundi mchana kweupe na kuondoka akiwa amebeba mkononi na kwapani. Mzee anayetoka shamba, akisimama mbele ya picha hiyo, haoni msiba wa udugu hata chembe, bali haki iliyochelewa. “Mwambie asilie, mwanangu,” atasema, “na huyo wa kushoto hajampiga sawasawa.” Mgeni anayefika kutoka Saadani, hifadhi ya taifa iliyo kaskazini ya mji na inayopakana na bahari, ataona ukatili dhidi ya wanyamapori na kuuliza kama mamlaka zina habari. Kuandika majina ya Hasidi na Mwivu chini ya miguu ya manyani hakusaidii, maana hapo huingia kundi la tatu, nalo ni ndugu wa mchoraji mwenyewe. Mchoraji mwenye kaka wawili, hasa ikiwa shamba la minazi la marehemu baba halijagawanywa, hashauriwi kabisa kuchagua mandhari haya, na akiwa ameshayachagua basi asiyatundike siku ya Idi.

Huria naye ana mashtaka yake. Kitabuni jini huyu ni mwenye fadhila, lakini macho ya Watanzania yamekwisha kuzoezwa na kazi za George Lilanga, msanii wa Kimakonde aliyefariki mwaka 2005, ambaye mashetani yake yana masikio mapana, midomo mikubwa na vidole vya kuhesabika upesi. Huria akichorwa kama mwanamke wa kawaida mwenye vidole vitano, mtazamaji hulalamika kwamba ameuziwa jini bandia. Akichorwa kwa namna ya Lilanga, mama mwenye nyumba hutoa amri kwamba picha isilale ndani, kwa kuwa nyumba nyingi za Kiislamu za pwani hazipendi sanamu za viumbe hai ukutani, na mapambo ya heshima huachiwa milango iliyochongwa maua na minyororo. Ndivyo Huria anavyoishia kibanda cha kuku, na kuku, kwa kadiri inavyoonekana, hawajali.

Sehemu pekee ya hadithi hii ambayo huleta amani ni Mji wa Mawe, ule ambao wakazi wake waligeuka mawe. Kwa huo mchoraji hutembea kilomita 5 hivi kusini mpaka Kaole, kwenye magofu ya msikiti wa karne ya 13 na makaburi yenye nguzo, yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe, na kuchora anachokiona. Hakuna pua ya kubishania. Watazamaji hutikisa vichwa kwa kuridhika, wakakiri kwamba ndivyo hasa walivyofikiri, kisha huuliza bei, ambayo hawalipi.

Msomaji atakayealikwa kutazama picha za namna hii anaombwa mambo mawili: asome kitabu kwanza, na asiguse rangi kwa kidole kuhakikisha kama imekauka, kwa sababu haijakauka.