Gari Linatoa Jasho

Gari langu ni Probox, na kabla halijawa langu lilikuwa la Mjapani fulani ambaye naamini aliishi kwenye baridi kali. Ushahidi wangu ni swichi moja ya dashibodi yenye picha ya kijisanduku na mistari mitatu iliyojipinda kama mvuke wa chai. Sheria ya Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka 8 kuingia nchini, kwa hiyo umri wake niliujua. Tabia zake ndizo sikuzijua. Swichi ile sikuwahi kuigusa. Ni ya hita ya kioo cha nyuma, ile mistari myembamba ya kahawia iliyochapwa kwenye kioo, na Mjapani aliitumia kuyeyusha barafu. Homa Bay barafu hatuiyeyushi. Tunaitafuta alfajiri, tunaifunika gunia, kisha tunamwomba Mungu mbuta afike Migori barafu ikiwa bado ina umbo.

Mwezi wa Aprili nilikwenda Homa Bay kumchukua mama mkwe. Kwenye buti tukapakia sanduku la samaki, yeye akakaa nyuma katikati ya shemeji wawili, mwavuli uliolowa ukakaa miguuni. Mvua ilitukuta Rodi Kopany. Tukafunga madirisha. Eyasii, ambayo kazi yake nyingine ni kukausha hewa, iliishiwa gesi tangu mwaka juzi. Kufika Rongo, pumzi za watu wanne na barafu ya samaki vilikuwa vimegeuza vioo vyote kuwa uji.

Kioo cha mbele nilikifuta kwa kitambaa. Cha nyuma kina waipa, lakini waipa inafuta nje na ukungu uko ndani. Awendo, lori la miwa likanipigia honi kwa nyuma. Nikatazama kwenye kioo cha dereva: silioni lori, namwona mama mkwe tu. Na kwetu mkwe mwenye adabu hamkodolei macho mama mkwe wake. Nikaendesha kwa imani.

Hapo ndipo nikaikumbuka swichi. Nikaibonyeza, kataa ka rangi ya machungwa kakawaka. Nikajisifu kimoyomoyo. Baada ya kama robo saa kataa kakajizima, na kioo bado ni uji. Mama mkwe akageuka, akatoa leso, akafuta kipande cha ukubwa wa sahani.

"Mwanangu, gari linatoa jasho. Halina malaria kweli?"

Kisha akanyamaza kidogo, mkono ungali kiooni. "Na ile stika yangu iko wapi?"

Stika ile aliinunua kanisani na kuibandika mwenyewe, herufi kubwa kama za bango la mgombea. Nilikuwa nimeikwangua kwa wembe mwezi uliotangulia.

"Ilienda na mvua, mama."

"Aa," akasema. Sikuipenda ile "aa".

Kesho yake nikalipeleka gari jua kali, pale Migori. Mama mkwe alikuwa anaelekea sokoni, tukaenda naye. Kwa mafundi wetu ugonjwa hutajwa kabla mgonjwa hajafunguliwa boneti. Wa kwanza alisema ni fyuzi. Akaichomoa, nzima kabisa. Wa pili akasema ni relei. Tukabonyeza swichi, relei ikalia "tak" kama mtu aliyesingiziwa. Wa tatu alishauri niuze gari, na kumbe mnunuzi ni yeye.

Wa nne alikuwa kijana mkimya, na bei yake ilikuwa juu, jambo lililonipa matumaini. Alifungua buti akaonyesha kidole pembeni mwa kioo: waya ulikuwa unaning'inia, kibati chake kimeng'oka. Sanduku la samaki ndilo lililokipiga kumbo. Akakirudisha kwa lehemu, taratibu, maana kioo kikipata moto wa ghafla kinapasuka. Akaniambia pia kwamba kataa hujizima kenyewe, ndivyo kalivyoundwa. Halafu akawaita watoto wawili waliokuwa wakitazama, akawaambia wakipumulie kioo. Haaa! Ukungu ukatanda. Akawasha swichi. Tukasubiri. Mistari mitatu ya juu ikajichora safi, ukungu ukaikimbia. Ya chini ikabaki vilevile.

"Huku chini imekatika," akasema, akatoa testa yake ya balbu. Akaanza na mstari wa nne, upande wenye moto. Balbu ikawaka. Akaiburuta polepole: inawaka, inawaka, ikazima. Akatia alama ya wino hapo. Mstari wa tano: inawaka, inawaka, ikazima, chini kabisa ya alama ya kwanza. Wa sita pia. Alama zikapangana wima, zimenyooka kama zimepigwa rula. Mama mkwe, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda na kikapu chake, akasimama.

"Hapa palikwanguliwa kwa wembe," fundi akasema. "Itabidi tutafute ile rangi yenye madini ya fedha, tuunganishe mmoja mmoja. Nani alikwangua?"

Nikaanza kutafuta simu mfukoni.

Mama mkwe akainama, akapitisha kidole kwenye zile alama, akanusa gundi iliyobaki. Kisha akamgeukia fundi, siyo mimi.

"Mwanangu, niulize kitu. Hii mistari iko ndani ya gari au nje?"

"Ndani, mama."

"Na mvua ya huku Migori, huwa inanyeshea ndani?"