Jinsi ya Kuwa Kero Katika Timu ya Programu

Kila timu ya wahandisi wa programu inahitaji angalau msumbufu mmoja. Ukiitaka nafasi hiyo, anza na maswali ambayo wenzako wataona yanawapotezea muda. Mtu akikukabidhi tarakimu, muulize ni za kipimo gani. Akisema mbona inajulikana, muulize tena.

Desemba 1998 chombo cha Mars Climate Orbiter kilirushwa kuelekea Mirihi. Programu ya Lockheed Martin, kule Colorado, ilipiga hesabu za msukumo wa injini zake ndogo kwa pauni. Waongozaji wa NASA, California, wakazipokea wakidhani ni nyutoni, tofauti ya zaidi ya mara nne. Kinachoniuma zaidi ni kwamba wapo walioona mapema kuwa hesabu hazioani, wakaeleza wasiwasi wao kwa njia zisizo rasmi, na suala halikufuatiliwa hadi mwisho. Tarehe 23 Septemba 1999 chombo kilipita karibu mno na sayari, kikapotea. Basi usitume baruapepe moja ukanyamaza. Fuatilia, na kesho yake fuatilia tena, hata wakikukwepa kwenye ngazi.

Msimbo wa rafiki yako ukiletwa kwako ukaguliwe, usome mstari kwa mstari. Kuupitisha bila kuusoma si wema: ataumia yule atakayeamshwa usiku wa manane seva zikianguka. Akileta mistari elfu mbili kwa mpigo, mrudishie aigawe. Atanuna. Mwache anune, chai mtakunywa pamoja jioni.

Bosi naye asisalimike. Mradi ukichelewa akataka kuongeza watu, mkumbushe alichoandika Fred Brooks mwaka 1975, baada ya kusimamia uundaji wa OS/360, mfumo endeshi wa kompyuta za IBM: watu wapya huuchelewesha zaidi mradi uliokwisha chelewa. Mpigie hesabu ubaoni. Watu 5 wana jozi 10 za kuelewana. Wakifika 10, jozi ni 45, na wageni wote hufundishwa na walewale walioelemewa.

Siku ukiangusha mfumo wewe mwenyewe, sema palepale, mbele ya wote. Januari 2017 mhandisi wa GitLab alifuta kwa bahati mbaya hifadhidata iliyokuwa ikitumika. Kampuni ikarusha mubashara kazi ya kuirejesha, kisha ikaeleza wazi jinsi nakala zake za akiba zilivyoshindwa kuisaidia. Kesho asubuhi, kabla watu hawajafungua kompyuta, waulize za kwenu zilijaribiwa lini.