Jinsi ya Kuinyima Mbamba Bay Umbea wa Dunia

Umekabidhiwa mtandao wa ofisi za wilaya mbili, Mbinga mlimani na Nyasa ziwani, na mkubwa wako anataka kila ruta ijue kila kitu. Hongera kwa kazi. Jambo la kwanza la kufanya ni kumkatalia mkubwa wako, kwa adabu lakini bila kuyumba.

Tandaza ramani mezani. Ruta za Songea ndizo eneo 0, kwa kuwa ndizo zinazokutana na Mkongo wa Taifa. Mbinga mjini weka ruta ya mpakani. Kutoka hapo njia inateremka kama kilometa 66, inaacha kahawa na mashamba ya ngoro ya Wamatengo nyuma yake, hadi Mbamba Bay ufukweni. Ukifuata mwambao kwenda kaskazini unaikuta Liuli, kisha Lituhi. Ofisi zote za ziwani ziwe eneo 1.

Sasa mwulize mkubwa wako swali hili: ruta ya Liuli ikishajua kwamba mtandao fulani uko Dodoma, mwingine Arusha na mwingine Nairobi, itafanya nini tofauti na jana? Haitafanya lolote. Pakiti zote zitapanda mlima uleule. Hizo habari ni umbea kwake: zinajaza kichwa na hazibadilishi safari.

Na OSPF, itifaki ambayo ruta hizi hutumia kupeana njia, kwa tabia yake inapenda kueneza. Ruta ya lango inapoingiza njia ya nje, hutoa tangazo la aina ya 5, na tangazo hilo huvuka mipaka ya maeneo likakaa kwenye kumbukumbu ya kila ruta inayolipokea. Hurudiwa kila dakika 30 hata kama hakuna kilichobadilika. Njia kumi zinavumilika. Lakini jedwali la intaneti nzima lina njia zaidi ya 900,000 za IPv4, na fundi atakayeziachia zote ziingie kwenye OSPF ya wilaya ataziangusha ruta kuanzia Songea hadi Lituhi kabla chai yake haijapoa.

Umbea huo uzuiwe wapi? Hapa ndipo mafundi wengi wanapopotea, kwa hiyo tuende polepole. Fundi anaona Liuli njia asizozitaka, anafunga safari hadi Liuli, anaweka kichujio, anarudi na furaha. Kichujio kile kimezizuia njia zisiingie kwenye jedwali la ruta ile tu. Matangazo yenyewe yameshapokelewa, yamehifadhiwa na yamepelekwa kwa jirani, maana OSPF imejengwa juu ya sharti kwamba ruta zote za eneo moja zishike picha moja ya mtandao. Lituhi itaendelea kuamini kwamba njia ipo, itaikabidhi Liuli pakiti, na Liuli itaitupa. Hata ruta ya Mbinga, pamoja na cheo chake cha mpakani, haiwezi kuchambua matangazo ya aina ya 5 moja baada ya jingine. Ama yapite yote, ama eneo lifungwe.

Kwa hiyo sehemu za kukaba ni mbili tu. Ya kwanza ni pale langoni, njia zinapoingia. Ruhusu zile unazozitaka kwa majina, na zinazofuatana zifunge pamoja: mitandao 64 kuanzia 10.40.0.0/24 hadi 10.40.63.0/24 itangazwe kama 10.40.0.0/18 moja. Mmoja kati ya hiyo 64 ukiwaka na kuzimika usiku kucha kwa sababu ya umeme, Mbamba Bay haitasikia hata kishindo.

Ya pili ni kulifanya eneo 1 liwe stabu. Matangazo ya aina ya 5 yanaishia Mbinga, na Mbinga inatoa kitu kimoja badala yake: njia ya chaguo-msingi. Alama ya stabu iandikwe kwenye kila ruta ya eneo. Ukiisahau Lituhi, salamu zake na za jirani hazitalingana, ujirani hautafungwa, nawe utaendesha gari hadi kule kutafuta kebo iliyokatika kumbe kebo ni nzima. Na kama umepitisha kiungo cha pili kati ya Lituhi na Kitai, ukaweka ruta ya mpakani Kitai pia, panga gharama za chaguo-msingi kwa makusudi, la sivyo Liuli itajichagulia mlango usioutaka.

Ila usinyime kupita kiasi. Liuli ina historia yake katika hili. Wajerumani walipaita Sphinxhafen, na Agosti 1914 meli yao Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu hapo kwa matengenezo. Kapteni Rhoades alikuja na meli ya Gwendolen kutoka upande wa Waingereza, akafyatua mzinga. Kapteni Berndt wa Wissmann, rafiki yake wa kunywa naye, alishangaa kwa dhati, kwani habari ya vita ilikuwa imemfikia Rhoades, yeye haikumfikia. Eneo lililofungwa bila kuachiwa njia ya chaguo-msingi liko hivyo hivyo: hakuna umbea, na hakuna pa kuuliza.

Kuna siku stabu haitatosha. Tuseme ofisi moja Mbamba Bay imepata kiungo chake cha nje, kwa mfano cha kuvuka ziwa hadi Nkhata Bay, Malawi. Stabu haikubali njia za nje zizaliwe ndani yake. Ligeuze eneo liwe NSSA, aina ya stabu inayoziruhusu, mpango ulioelezwa kwenye RFC 3101 ya mwaka 2003. Njia za Malawi zitatangazwa ndani ya eneo kwa aina ya 7, na mpakani zitageuzwa kuwa aina ya 5. Ruta za mpakani zikiwa mbili, kwa kawaida kazi ya kugeuza huchukuliwa na ile yenye nambari kubwa ya utambulisho, kwa hiyo ipange nambari hiyo mapema. Njia ya chaguo-msingi iamuru wewe mwenyewe. Kwenye vifaa vingi, NSSA ya kawaida haiileti.

Kisha fungua kumbukumbu ya matangazo kwenye ruta ya Liuli. Ukikuta hata tangazo moja la aina ya 5, usiweke kichujio Liuli. Kagua upya alama ya eneo kwenye ruta zote, kuanzia Mbinga mpakani hadi Liuli yenyewe.