Asumini Mfukoni

Wenye miembe hulalamikia watoto wanaorusha mawe. Mimi nina asumini, na wanaonipora ni watu wazima, tena hupiga hodi kwanza.

Kimti chenyewe hakifiki kiunoni. Nilikipanda uani, penye jua la kutwa, kutokana na tawi alilonipa shangazi. Huko Ufilipino asumini ilitangazwa kuwa ua la taifa mwaka 1934. Hapa Unguja mtaa wetu umeitwaa yangu bila tangazo. Ikishaadhiniwa alasiri tu: "Hodi, baba! Twaomba za vikuba, kuna harusi." Harusi gani hizo za kila siku, nami sijaonja pilau hata moja?

Mke wangu akachukua mkasi akakifyeka. Nikaona amenitetea: pasipo kitu hapaombwi. Kumbe asumini huchanua kwenye machipukizi mapya. Hazikupita wiki nyingi, matumba yakajaa kila ncha, na waombaji wakaongezeka.

"Leo chuma wewe mapema," akaniagiza, "kabla hawajaja."

Nikachuma. Matumba ya alasiri yamejifumba, harufu yake haba, kwa hiyo nikayatia mfukoni mwa kanzu nikaenda zangu msikitini, kisha barazani kunywa kahawa. Lakini asumini hufunguka usiku, na haijali iko mtini au mfukoni. Baada ya isha mfuko ukaanza kunitangaza. Muuza kahawa alisita, dele mkononi. Mzee mmoja akanusa, akanitazama, akanusa tena.

"Sheikh," akasema, "mke mdogo umemweka mtaa gani?"

Baraza zima likaangua kicheko. Ili yaishe, nikawagawia. Wazee ambao huondoka barazani kwa kuvutwa mikono waliaga wenyewe usiku ule, kila mmoja na gao lake la maua, mwendo wa haraka.

Nyumbani nikafika nimebakiwa na harufu tu. Mke wangu akainusa kanzu.

"Na maua yako wapi?"

"Nimewapa wanaume wenzangu barazani."

Hata mimi, nilipojisikia, sikujiamini.

Walioniokoa ni majirani. Asubuhi wake wa wazee wale walikuja kushukuru, wametia wanja, na kila mmoja akaomba tawi la kupanda kwake. Mke wangu aliingia jikoni, akatoka na kisu.

"Kateni tu, shoga zangu," akasema. "Kikikatwa ndipo kinapozaa."