Namna ya kupata mkopo wa halmashauri kabla ujana haujaisha

Kila halmashauri Tanzania inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu. Fedha hizo hukopeshwa bila riba. Ila fungu la vijana hapewi mtu mmoja, kinapewa kikundi. Kama wewe ni fundi wa kuchomelea, una kibanda na wateja wanakudai mageti, pole. Katafute wenzako wanne.

Wawe na namba za NIDA na picha za pasipoti. Ufundi si lazima. Mwenye maneno awe mwenyekiti, mpole ashike uhazini, mwenye mwandiko mzuri awe katibu, maana mihtasari itakuwa mingi.

Katiba msihangaike kuitunga. Steshenari iliyo mkabala na halmashauri wanayo kwenye kompyuta, wanabadilisha jina tu. Isomeni lakini: ukurasa wa kwanza ninyi ni mafundi vyuma, ukurasa wa tatu mwanachama akijifungua anapewa kanga doti mbili. Msikifute hicho kifungu. Kikishagongwa muhuri ni haki yenu.

Kwenye andiko la mradi, faida ipande kila mwezi. Jirani zenu wameandika ufugaji, na kuku wa kwenye andiko hawapati kideri. Basi na umeme wenu usikatike.

Mtendaji wa mtaa mtamkuta yuko kikaoni. Ofisa maendeleo ya jamii msimlaumu. Ana kata nzima ya kuizungukia na pikipiki isiyo na mafuta.

Halafu subirini. Aprili 2023 mikopo hii ilisitishwa nchi nzima, baada ya ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kuanika madeni yasiyorejeshwa na vikundi hewa. Ikarudi 2024. Mimi vikundi hewa sivicheki, navisoma. Mahudhurio yao ni kamili. Hakuna aliyehamia Mwanza katikati ya mkopo, hakuna aliyemtukana mhazini, na mihtasari yote imesainiwa, tena kwa kalamu moja. Ofisi inayopima watu kwa karatasi itaachaje kuwapenda? Walio hai ndio wenye usumbufu: wanaugua, wanaoa, wanachelewa kikao kwa sababu wako kazini.

Siku ya makabidhiano vaeni fulana mtakazopewa. Mgeni rasmi atawakabidhi mfano wa hundi, mkubwa kama mlango. Ushikeni wote watano, mtabasamu, kisha muurudishe, kuna kikundi kingine kinausubiri kwa picha.

Fedha zenyewe zikiingia benki mtakuta mliomba za mashine mbili na jenereta, zimekuja za mashine moja. Gawaneni siku. Jumatatu mwenyekiti, Jumanne katibu, na kuendelea hivyo mpaka Ijumaa, zamu yako wewe unayejua kuchomelea. Marejesho ni kila mwezi. Umeme ukikatika Ijumaa, andikeni muhtasari.